Muzuri Tu

Jina lake lilikuwa Généreuse, ambalo kwa Kifaransa ni mkarimu, na kwa maneno makali alikuwa mkarimu kweli, hakumnyima mtu. Pale Haltom City, Texas, katika zile nyumba za kupanga walikopelekwa Wakongomani wengi walipotoka kambi za wakimbizi, kila mmoja alikuwa ameshapata fungu lake. Mwenye nyumba, aliyepandisha kodi bila kuziba bomba, alimwita panya mwenye funguo. Mchungaji Josué, aliyenunua suti mpya kila Pasaka, alimwita kabati. Wanaume waliosimama kwenye maegesho ya magari kila Jumapili wakipigana vita vya Kivu kwa maneno, aliwaambia kuwa kama midomo ingekuwa bunduki basi nyumbani kungeshakuwa na amani. Watu walimwogopa, walimpenda, na walimpisha njia.

Ajabu ni hii: ulimi huo uliowasema wote haukuwahi hata siku moja kuusema mwili wa mwenyewe.

Moyo wake ulikuwa umepanuka. Daktari wa moyo alimwonyesha picha, akamweleza kwamba moyo uliotakiwa kuwa kama ngumi umekuwa kama papai, na umechoka kusukuma damu. Miguu ilivimba jioni. Usiku alilala ameketi, mito imepangwa mgongoni. Ugonjwa ulimwanzia kazini, katika ghala moja la Grand Prairie alikokuwa akipakia maboksi. Alianguka, msimamizi akamwuliza kama yuko sawa, akajibu kuwa yuko sawa, akainuka, akaanguka tena. Tangu hapo akawa anapokea pesa ya serikali ya watu wasioweza kazi kwa ugonjwa, na pamoja nayo kadi ya matibabu. Pesa yenyewe ilikuwa ya kuchekesha kwa uchache wake. Kadi ndiyo iliyokuwa mali, kwa sababu ndiyo iliyolipia dawa za moyo, na kuhusu dawa daktari hakuzungusha maneno: bila hizo, hatamaliza mwaka.

Hayo aliyajua yeye na daktari. Binti yake wa pekee, Zoé, aliambiwa mama ana presha.

Zoé alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alizaliwa kambini Nyarugusu, akaja Texas akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na kama watoto wengi wa pale, Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Alipenda madaraja. Wakipita chini ya zile barabara za Fort Worth zinazopandana juu kwa juu, mtoto hupinda shingo kutazama nguzo, na alikuwa amepeleka maombi kwenye chuo kimoja cha Houston akajifunze kuzijenga. Généreuse aliitaka hiyo Houston kuliko Zoé mwenyewe. Alijua pia kwamba mtoto huyu ni yule yule ambaye kambini hakulala mpaka ashike ncha ya kitenge cha mama yake. Akijua ukweli, hatatoka Haltom City. Ataingia ghala lile lile, avae fulana ile ile ya manjano ya wapakiaji, na hadithi ya madaraja itaishia hapo.

Kwa hiyo kila asubuhi Zoé alichungulia mlangoni na kuuliza, "You okay, Mama?"

"Muzuri tu."

Waliishi ghorofa ya pili. Wakipanda ngazi pamoja, Généreuse husimama katikati, hufungua mkoba, na kuuchakura akitafuta funguo. Alichakura mpaka pumzi zirudi. Zoé alishamtania mara nyingi kwamba mkoba ule unakula funguo.

Sasa tusimcheke peke yake, maana sisi sote tunaosema lugha hii ndivyo tulivyolelewa. Nenda wodini, mkute mgonjwa ana mpira puani, mwulize habari. Atakwambia nzuri. Kisha atapumzika, atakutazama kama una nafasi ya kumsikiliza, ndipo atakapoongeza: lakini. Ubaya wote tunauweka nyuma ya hiyo "lakini". Hata msibani, marehemu yuko ndani, watu huulizana hamjambo na kujibiana hatujambo. Kumjibu mtu "mbaya" wakati ndiyo kwanza anakusalimu ni kumtwisha mzigo mlangoni kabla hajavua viatu. Ni adabu nzuri, na mimi sitaki ife. Ila kuna mahali ambapo adabu ni kujitia kitanzi, na mahali hapo ni ofisi ya serikali.

Mwaka 2019, joto la Texas likiwa limeanza kuwachoma watu, ofisi ilimwita Généreuse apimwe upya. Hakupelekwa kwa daktari wake anayeujua moyo ule. Alipelekwa kwa daktari wa kukodiwa, kijana mwenye haraka aliyeongea na kompyuta. Mezani palikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na mkalimani, Mswahili wa upande mwingine kabisa, aliyekuwa pengine sebuleni kwake, kwani mlisikika mtoto akililia uji. Daktari akauliza anajisikiaje leo. Mkalimani akasema, "Habari yako, mama?"

"Muzuri tu, Mungu iko," akajibu Généreuse.

Mkalimani akatafsiri kwa uaminifu mkubwa kwamba mama anasema yuko vizuri. Daktari akaandika. Anaweza kutembea? Anatembea, ameingia humu kwa miguu, hawaoni? Anapika? Anapika, ni mwanamke gani atamwambia mwanamume asiyemjua kwamba siku hizi hawezi kuinua sufuria ya foufou, ugali wa kwao? Anapanda ngazi? "Pole pole, nafika." Simu ikasema anafika. Ile "pole pole" ikaanguka njiani.

Généreuse alikuwa na "lakini" yake tayari. Alikuwa ameiandaa tangu nyumbani, ndefu, ina miguu ya kuvimba na usiku wa kuketi. Alikuwa anangoja tu daktari amalize salamu, akohoe kidogo, amtazame, kama watu wanavyofanya. Daktari akasimama, akamshukuru, akamfungulia mlango.

Baada ya wiki kadhaa ofisi ikamwarifu kuwa amepona. Pesa inakoma, na kadi nayo inakoma. Akaichukua barua hiyo mpaka kwa Wacuka.

Wacuka alikuwa Mkenya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani mikubwa na gari bovu, aliyefanya kazi katika kiofisi cha kuwasaidia wahamiaji mambo ya sheria. Aliisoma barua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Zoé, nani alikuambia uende huko uwaambie uko fine?"

"Nani amesema niko fine?"

"Wewe. Wame-write hapa. Ati wewe mwenyewe ume-report unaendelea vizuri, unatembea, unapika, ngazi unapanda."

"Mimi nilimusalimia!" Généreuse akapiga meza. "Mutu anakusalimia, unaitika! Nilimusalimia tu!"

Wacuka akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Généreuse, ambaye si mtu wa kuchekwa, akajikuta anacheka naye, mpaka wote wawili wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu barua bado ilikuwa pale mezani.

"Tuta-appeal," Wacuka akasema. "Lakini sikiza, kuna kitu mbaya zaidi inakuja."

Kilichokuwa kinakuja kilifika Novemba, na kilikuwa na jina zuri: mageuzi. Mimi nimeshazoea. Mkubwa akitaka kumpa mtu kitu, husema anampa. Akitaka kumpokonya, husema anafanya mageuzi. Pendekezo lilikuwa kwamba wagonjwa wanaopokea pesa ile wapimwe upya mara nyingi zaidi kuliko zamani, hata wengi ambao ugonjwa wao si wa kuondoka kesho. Ati kuhakikisha. Mtu mwenye shibe, mapafu mazima na kiti cha ofisini chenye magurudumu alichojichagulia mwenyewe, ameketi huko akawaza kwamba tatizo la nchi ni wagonjwa kuwa wagonjwa muda mrefu mno. Lakini kabla ya kuamua, sheria iliwalazimu wasikilize maoni ya watu mpaka mwisho wa Januari, na Wacuka na wenzake walikuwa wanakusanya maoni kwa bidii. Wakafanikiwa pia kumpata bwana mmoja kutoka ofisi ya mbunge, aje Haltom City Jumamosi moja ya Januari awasikilize wagonjwa kwa masikio yake.

"Wewe uta-speak," Wacuka akamwambia. "Hakuna mtu ana mdomo kama yako."

Généreuse akamwona akilini Zoé na yale madaraja yake. "Mimi nitakuletea batu," akasema. "Kusema, watasema wenyewe."

Wacuka alimtazama kidogo, lakini hakumshinikiza.

Basi Généreuse akaingia kwenye kampeni kama alivyoingia kwenye kila ugomvi, kwa ulimi kwanza. Alikwenda mlango kwa mlango, akipumzika kwenye kila ngazi na mkoba wake wazi, akiwafundisha wagonjwa jambo ambalo mama zao hawakuwafundisha: kuulizwa habari na kujibu "mbaya". Yaani ilikuwa kazi. Mzee Émile, fundi cherehani wa zamani kutoka Uvira, alikuwa anaburuta mtungi wa hewa kila aendako, na mpira umepita masikioni mpaka puani.

"Habari yako, mzee?"

"Nzuri, mama, nashukuru—" Kikohozi kikamkamata, kikamtikisa mpaka mtungi ukalia.

"Hapana. Rudia. Habari yako?"

"Nzuri kidogo."

"Mzee Émile, unavuta hewa ya chupa! Nzuri iko wapi?"

Mzee akafikiri sana. "Sasa nikisema mbaya," akauliza, "yeye atanijibu nini? Si nitamtia aibu?"

Kulikuwa na mwingine aliyekatwa miguu yote miwili kwa sukari. Yeye, baada ya somo refu, alisema, "Sijambo, ni miguu tu ndiyo haipo." Généreuse alitoka pale akimwambia Wacuka kwenye simu kuwa taifa zima litakufa na tai shingoni.

Kanisani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mchungaji Josué alisikia kinachofundishwa, na Jumapili ile akahubiri juu ya kinywa. Usikiri ugonjwa, alisema, maana anayeukiri anaukaribisha kitandani. Sema nimepona, nawe utapona. Watu wakaitikia amina. Généreuse akasimama katikati ya amina hizo.

"Mchungaji, mwezi jana jino lilikuuma mpaka shavu likawa hivi. Ulipofika kwa daktari ulimwambia nini? Kwamba jino limepona kwa jina la Yesu? Ama ulipanua kinywa ukamwonyesha?"

Kanisa likavunjika kwa kicheko. Hata mke wa mchungaji aliinamisha kichwa, mabega yakimcheza. Josué, tumpe haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kabati tu. Alingoja kicheko kiishe, akasema kwamba ukumbi wa kanisa utakuwa wazi kwa mkutano huo, kwa kuwa mgeni wa ofisi ya mbunge hawezi kupokelewa kwenye maegesho. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida, si ya mimbari:

"Na wewe, Mama Généreuse? Unafundisha wote. Wewe mwenyewe unaumwa nini? Hatujakusikia."

Zoé alikuwa amekaa benchi lile lile, kando yake. Généreuse akafungua mkoba, akachakura. "Presha," akasema, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akishindwa neno, wakadhani amemheshimu mchungaji.

Kufikia Krismasi kadi ilikuwa imeshafungwa na rufaa ilikuwa bado haijaitwa. Duka la dawa lilimwambia bei bila kadi, naye akamwambia yule kijana wa dukani kwamba ameomba dawa, hakuomba duka. Maneno hayo hayakupunguza bei. Akaanza kukata vidonge katikati kwa kisu cha jikoni, nusu leo, nusu kesho, akivificha kwenye kopo la chai. Alikuwa na hasira, na tuseme wazi, alikuwa na hofu. Aliogopa kuanguka mbele ya Zoé kabla Houston haijajibu.

Jumamosi ya mkutano ukumbi ulijaa. Walikuja na magongo, na viti vya magurudumu, mzee Émile na mtungi wake ameuvisha mfuko wa kitenge ili upendeze mbele ya mgeni. Généreuse alikuwa amemwambia Zoé abaki nyumbani asome. Alikuwa pia amesahau sinia la mandazi juu ya jiko. Mkutano ulipokuwa unaanza alimwona binti yake mlangoni, na sinia mikononi, akitafuta mahali pa kuliweka.

Bwana wa ofisi ya mbunge alikuwa kijana mwenye tai ya buluu na tabasamu la kuazima. Alikuwa ameshawahi kwenda kutazama simba, mwenyewe alisema, na huko alifundishwa Kiswahili. Akashika kipaza sauti, akawakodolea macho wagonjwa wale kwa furaha, akasema:

"Hamjambo!"

Ukumbi mzima, watu waliofundishwa mwezi mzima, waliorudia na kurudishwa, ukaitika kama darasa la chekechea: "Hatujambooo!"

"Habari?"

"Nzuriii!"

Mwenye miguu iliyokatwa alipiga makofi. Mzee Émile alisema nzuri, akakohoa, akasema tena nzuri, kwa sababu ya kwanza ilikatikakatika. Na Généreuse, mwalimu wao, alijisikia kinywa chake mwenyewe kikiitika pamoja nao. Yule bwana akamgeukia mwenzake akasema kwa Kiingereza, bila hata kushusha kipaza sauti, kwamba inatia moyo kuona jamii yenye afya hivi. Wacuka akajifunika uso kwa karatasi.

Wakaanza kuitwa kusema. Mzee Émile akasimama, akamshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake. Akaishukuru serikali kwa kumpokea, akalishukuru jimbo la Texas, akaushukuru mtungi, akaketi. Mwingine akashukuru pia. Wa tatu akamwombea mbunge maisha marefu. Yule bwana alikuwa hajaandika hata neno moja. Akarudisha kalamu mfukoni, akaanza kutazama mandazi.

Généreuse aliona yote yanavyokwisha. Aliwaona watakavyorudi majumbani wakisifu mgeni alivyo mnyenyekevu, na barua zitakavyokuja moja baada ya nyingine, umepona, umepona, umepona, kwa watu hawa wote wanaozikwa kwa adabu zao. Alimwona Zoé ameegemea ukuta. Akainuka. Akatembea mpaka mbele, na njia ilikuwa fupi lakini ilimmaliza.

Bwana akafurahi kumwona mama mnene mwenye kitenge kizuri. "Habari, mama?"

Généreuse akashika kipaza sauti. Pumzi hazikuwapo. Mkono ukaenda kwenye mkoba wenyewe, kwa mazoea, akauondoa.

"Mubaya," akasema.

Ukumbi ukaguna. Mtu mmoja nyuma alisema "Yesu." Wacuka, aliyekuwa anatafsiri, alimtazama asijue afanye nini.

"Tafsiri," Généreuse akamwambia. "Habari yangu mubaya. Mwambie."

Wacuka akamwambia.

"Mutima wangu umekufa nusu. Mimi silali, nakaa. Sipiki, mutoto wangu ndiye anapika, mimi naonja chumvi ili ionekane nimepika. Kadi mulifunga, sasa nakata dawa na kisu. Kwa ngazi nasimama kutafuta funguo. Funguo sipotezi hata siku moja. Ziko mufuko ya mbele. Natafuta hewa. Munganga wangu wa mutima amesema bila dawa sitamaliza mwaka. Daktari wenu aliniuliza habari, nikamusalimia, akaandika nimepona. Sasa wewe andika: sikupona. Na hawa wote uliwasikia wanasema nzuri, ni bagonjwa. Walikusalimia tu, kwa sababu wazazi wao waliwalea. Wazazi wako wewe, sijui."

Sentensi ya mwisho Wacuka hakuitafsiri.

Alipomaliza, mzee Émile akasimama tena na mtungi wake. "Hata mimi, kusema kweli," akasema polepole, kwa aibu ya mtu anayevua shati hadharani, "ni mbaya." Akafuata wa miguu. Akafuata mama mmoja wa figo ambaye hakuna aliyejua kama ana figo. Bwana wa tai ya buluu aliitoa kalamu na akaandika kweli, aligeuza kurasa, alikuwa mwekundu mpaka masikio. Kisha akala andazi moja, akafungiwa matatu, akaondoka. Hayo maandishi aliyapeleka wapi mimi sijui, na sina heshima ya kutosha kwa ofisi zile kukuambia yalisomwa. Mageuzi yenyewe yalibaki kwenye meza za wakubwa, na mwaka ule hayakupita.

Lakini Généreuse hakuwa akimtazama bwana. Alikuwa anamtazama Zoé kule ukutani. Mtoto hakulia. Alikuwa ameukazia macho ule mkoba.

Ni Zoé aliyeendesha gari kurudi. Alipoizima injini, akauliza:

"Why didn't you tell me?"

"Kila siku uliniuliza 'you okay'. Nilikujibu."

Kwenye ngazi Généreuse alisimama pale anaposimama siku zote. Hakufungua mkoba, ungekuwa mchezo wa bure sasa. Zoé akasimama ngazi moja chini yake, akamngoja, akitazama maegesho ili asimtazame mama yake akihema.

Rufaa ilisikilizwa Februari. Safari hii Wacuka alikuwa chumbani kwa mwili wake wote, si sauti ndani ya simu, na Généreuse alipoulizwa anajisikiaje alijibu mubaya kabla swali halijakwisha. Mara hii ya pili neno hilo halikuwa gumu. Mwezi Machi ofisi ikaandika kwamba baada ya kulitazama jambo lake upya, wameridhika kuwa yeye ni mgonjwa sana. Pesa imerudi, na kadi imerudi.

Majirani walipanda ngazi kumpongeza. Walimkumbatia, wakapiga vigelegele, mzee Émile akaleta kuku, mchungaji akaja na suti ya Pasaka kabla ya Pasaka. Hongera, mama, hongera! Généreuse aliwatazama akacheka mpaka ikabidi aketi. Katika maisha yake alikuwa amepongezwa kwa ndoa, kwa kuzaa na kwa kupata ndege ya kutoka kambini. Sasa anapongezwa kwa kuthibitishwa na serikali kwamba anakufa vizuri. Aliwachukia watu wale wa ofisini, aliwachukia kwa moyo wake wote uliopanuka. Pesa ilikuwa yao, sawa. Lakini walimsimamisha mbele ya mtoto wake akajivua hadharani ndipo wampe dawa, na hawakujua hata kama wamefanya kitu.

Wageni walipoondoka, nyumba ikawa na harufu ya kuku na manukato ya mchungaji. Zoé alikuwa anaosha sufuria, mgongo ameuelekeza mezani. Généreuse alikumbuka kwamba kwa pilikapilika hizi zote kuna jambo hajaliuliza, na barua za vyuo zilishaanza kuwafikia watoto wengine.

"Zoé. Na Houston? Habari ya Houston?"

Siku nyingine mtoto angegeuka, angejibu kwa Kiingereza chake cha haraka, na angechora nguzo hewani kwa mikono yenye povu. Safari hii hakugeuka. Maji yaliendelea kutiririka kwenye sufuria iliyokwisha takata.

"Muzuri tu, Mama," akasema Zoé, kwa Kiswahili.

Généreuse akavuta kiti karibu na karo, akaketi, akaingoja ile "lakini".